Kukereza bushi na pini ya ekseli ya mbele ya trekta kuukuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ekseli ya mbele ya trekta haikufungwa ikakaza. Inabembea kwenye pini moja ya katikati, ili gurudumu la kushoto likipanda tuta na la kulia likitumbukia mtaroni, mwili wa trekta ubaki umetulia. Kati ya pini na chuma kinachoibeba kuna bushi, yaani bomba fupi la madini, na bushi hiyo imewekwa pale makusudi ilike, ili visilike vyuma vya gharama vilivyo kando yake. Maswali haya ni ya wenye matrekta na mafundi wanaotaka kukereza bushi na pini hiyo karakana ya mtaani. Trekta tunalolifikiria ni la aina ya Massey Ferguson 135, lililoundwa Coventry, Uingereza, miaka ya 1960 na 1970, ambalo vipimo vyake ni vya inchi. Njia ni ile ile kwa Ford na mengineyo ya rika lake. Namba tunazokokotolea ni za mfano. Za trekta lako utazipata kwa kupima.

Kwa nini nikereze, wakati madukani kuna bushi?

Bushi halisi ikipatikana na nyumba yake haijaharibika, inunue, hakuna sababu ya kuhangaika. Kukereza kuna maana pale bushi haipatikani, au pale tundu linaloibeba (hapa tutaliita nyumba) limepanuka, au pini imelika ukaamua kuikereza iwe nyembamba. Katika hali hizo mbili za mwisho, bushi ya saizi ya kiwandani haikusaidii hata ukipewa bure: itazunguka ndani ya nyumba au itacheza juu ya pini siku ile ile ya kuifunga.

Nitajuaje kwamba iliyokwisha ni bushi ya katikati, si beringi za magurudumu wala kingpini (pini ya wima ambayo gurudumu la mbele hugeukia)?

Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua trekta kwa jeki chini ya mabano ya mbele yanayobeba ekseli, si chini ya ekseli yenyewe, magurudumu yote mawili yaache ardhi, kisha weka stendi imara. Ingiza mtaimbo kati ya ekseli na mabano, karibu na pini, uinue na kushusha. Mchezo ukionekana pale kwenye pini, bushi imekwisha. Ukishika gurudumu juu na chini likacheza wakati katikati kumetulia, angalia beringi na kingpini.

Mchezo wa nusu milimita kwenye trekta la umri huu hauna haraka. Ukifika milimita moja, panga kazi. Ukifika milimita mbili, usisubiri, kwa sababu sasa pini inagonga badala ya kusugua, na kila pigo linaivuta nyumba iwe na umbo la yai.

Dalili za shambani ni mlio wa kugonga mbele unapovuka matuta, usukani unaotangatanga barabarani, na tairi za mbele zinazolika upande mmoja. Dalili hiyo ya mwisho ina sababu nyingine nyingi, kwa hiyo isikuhukumie peke yake.

Nimpelekee mkerezaji bushi ya zamani aige?

Hapana. Kosa hili linarudisha kazi karakana kuliko mengine yote. Bushi iliyokwisha imelika ndani, imebanwa nje, na pengine aliyeifunga kabla yako naye aliiga iliyolika. Ukiiga, unanakili uchakavu. Bushi ya zamani inakupa mambo mawili tu: urefu, na mahali pa tundu la grisi.

Vipimo vya kazi vinatoka kwenye nyumba (ndiyo inayoamua kipenyo cha nje cha bushi) na kwenye pini (ndiyo inayoamua kipenyo cha ndani). Safisha nyumba kwa mafuta ya taa na msasa laini, kisha pima sehemu tatu: mdomoni, katikati na mwisho. Kila sehemu pima mara mbili, wima na mlalo. Unapata namba sita. Fanya hivyo hivyo kwa pini. Zile sita zikitofautiana kwa chini ya milimita 0.05, nyumba ni nzima. Wima ukizidi mlalo kwa 0.1 au zaidi, nyumba imekuwa yai. Soma swali la nyumba iliyopanuka kabla hujatoa pesa ya bronzi.

Venia (rula ya chuma yenye meno ya kuteleza) inatosha kwa urefu. Kwa matundu inadanganya kidogo, kwa kuwa meno yake ya ndani ni bapa na ukuta wa tundu ni mviringo, hivyo husoma pungufu. Tumia geji ya kutanuka (inatanuliwa ndani ya tundu hadi iguse kuta) uisome kwa maikromita, au mwombe mkerezaji apime mwenyewe. Pia pima vitu vikiwa vimepoa. Bushi ya bronzi ya kipenyo cha milimita 38 iliyotoka mashineni ikiwa na joto la nyuzi 60 inasoma kubwa kwa milimita 0.02 hivi kuliko itakavyokuwa baada ya kupoa, na katika kazi hii 0.02 ni kipimo cha kuheshimiwa.

Ukikuta namba ya ajabu kama 31.75, usiisawazishe kuwa 32. Hiyo ni inchi moja na robo. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi moja na nusu ni 38.10.

Bushi iwe ya madini gani?

Kwa ekseli inayobembea polepole chini ya mzigo mkubwa, kwenye vumbi na tope, chaguo letu la kwanza ni bronzi yenye risasi, ile inayouzwa kwa jina la SAE 660. Ina shaba asilimia 83 hivi, bati 7, risasi 7 na zinki 3. Risasi ile inasaidia siku ambayo grisi imesahaulika, na bronzi yenyewe ni laini kiasi kwamba mchanga ukiingia unazama ndani yake badala ya kuchuna pini. Haidai pini iliyogandishwa, yaani iliyoongezwa ugumu kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla.

Bronzi ya fosfa ni ngumu zaidi na hudumu, ila inataka grisi ya uhakika. Bronzi ya aluminiamu ina nguvu kuliko zote, lakini juu ya pini laini itaila pini na yenyewe ibaki nzima, yaani kinyume kabisa cha tunachokitaka.

Brasi, ile ya njano ya mabomba na koki, ni chaguo la dharura. Ili kuitofautisha na bronzi, piga tupa mahali pamoja utazame chuma kipya: brasi inang'aa njano, bronzi inaelekea wekundu wa kahawia. Muuzaji akikataa usipige tupa, nenda kwa mwingine.

Chuma cha kusubu kinafaa na ni cha bei nafuu, mradi grisi isikose. Chuma laini juu ya pini ya chuma laini hakifai hata kwa msimu mmoja: vyuma viwili vya aina moja vikisuguana bila grisi hung'atana, vikachunana hadi vikashikana.

Na nailoni? Na bomba la plastiki? Na bati la kopo?

Nailoni ngumu ya kusubu inaweza kubeba kazi nyepesi, lakini hunywa maji ikavimba, na hapa ni kwenye tope. Ukilazimika kuitumia, acha nafasi mara tatu ya ile ya bronzi. Bomba la plastiki la maji linapasuka ndani ya siku chache. Bati la kopo lililozungushiwa pini ndilo tunaloliona mara nyingi, nalo lina madhara zaidi ya hayo mawili: hukunjika, husogea likaziba tundu la grisi, na kingo zake hukata mistari kwenye pini. Ukifungua ekseli ukakuta bati, tegemea kukereza pini pia.

Niache nafasi kiasi gani?

Kuna vipimo viwili tofauti na watu huvichanganya. Nje, bushi lazima iwe kubwa kuliko nyumba ili ibane. Ndani, lazima iwe kubwa kuliko pini ili grisi ipite.

Kwa bushi ya kipenyo cha nje kati ya milimita 30 na 50, ubanaji wa 0.03 hadi 0.06 unatosha. Chini ya hapo itaanza kuzunguka; juu ya 0.08 unaweza kuiponda bushi yenyewe au kupasua nyumba ya chuma cha kusubu. Kwa upande wa ndani, mashine za kiwandani zenye oili hukaa na nafasi ya 0.03 hadi 0.07. Trekta la shambani linalopakwa grisi linataka zaidi, 0.10 hadi 0.15. Fundi anayejisifu kwamba pini imeingia "bila hata unywele" amekutengenezea pini itakayokauka.

Mfano. Nyumba inasoma 38.10, pini inasoma 31.75. Kipenyo cha nje cha bushi kiwe 38.15. Kipenyo cha ndani, baada ya bushi kukaa ndani ya nyumba, kiwe 31.85 hadi 31.90. Maneno "baada ya kukaa" ni ya muhimu, na swali linalofuata linaeleza sababu.

Pini iliteleza vizuri ndani ya bushi mkononi. Baada ya kuigonga bushi ndani ya nyumba, pini haiingii. Mkerezaji amekosea?

Inawezekana hakukosea, hakuambiwa. Bushi yenye ukuta mwembamba ikibanwa nje inajifunga ndani, na karibu ubanaji wote wa nje huhamia ndani. Ukibana kwa 0.05, tundu la ndani linapungua kwa 0.04 hadi 0.05. Uliyekuwa na nafasi ya 0.05 mkononi umebaki bila kitu.

Kuna njia mbili. Ya kwanza, na iliyo bora, ni kumwambia mkerezaji aache tundu la ndani dogo, tuseme 31.50, kisha bushi ikishaingia lisafishwe kwa rima ya kurekebishika (kifaa chenye makali cha kusawazishia matundu) hadi 31.85. Tundu linatoka mviringo na limenyooka na nyumba. Ya pili, kama rima hakuna, ni kukereza ndani kubwa tangu mwanzo kwa kiasi kitakachopungua: 31.93 hivi kwa mfano wetu. Njia hii inamtegemea mkerezaji mwenye mkono uliotulia.

Usipanue bushi kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Punje za msasa hujikita kwenye bronzi na kubaki humo zikiisaga pini kila siku.

Nimpe mkerezaji maelekezo gani?

Mchoro wa mkono kwenye karatasi unatosha, wenye kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani, urefu, mahali pa tundu la grisi na mfereji wake. Urefu uwe pungufu ya nyumba kwa milimita 0.5, ili kingo zisisuguane na washa za pembeni (pete bapa za chuma).

Kwa bushi ya mfano wetu yenye urefu wa milimita 50, kipande cha bronzi cha kipenyo cha 45 na urefu wa 60 kinatosha. Kile cha ziada kinashikwa na taya za mashine. Kipande hicho kina uzito wa gramu 850 hivi, na bushi iliyomalizika itakuwa na gramu 155 tu. Zilizobaki ni machicha. Ndiyo maana ukipata bronzi iliyosubiwa ikiwa na tundu katikati utaokoa pesa nyingi, na ndiyo maana machicha ni mali yako: omba uyachukue, wasubuji huyanunua.

Hatua zinazotoa bushi iliyonyooka ni hizi: shika kipande mara moja tu, safisha uso, toboa katikati, panua ndani kwa kisu cha ndani, kereza nje, piga chemfa (mteremko wa ukingoni), kisha kata. Ndani na nje vikikerezwa bila kukifungua kipande kwenye taya, vitakuwa na kitovu kimoja. Akikifungua akakigeuza katikati ya kazi, ukuta mmoja utatoka mnene kuliko mwingine na ekseli itakaa upande. Kwa kisu cha kawaida kisicho cha kabaidi, mizunguko 300 kwa dakika inafaa kwa kipenyo hicho.

Chemfa ya mdomo wa kuingilia iwe ndefu, milimita 2 hadi 3, kwa mteremko mdogo. Bushi isiyo na chemfa huanza kuingia ikiwa imeinama, na ikishainama hainyooki tena.

Mfereji wa grisi uende wapi?

Tundu la grisi la milimita 5 au 6 linatosha. Mfereji uwe na upana wa milimita 3 na kina cha milimita 1, na ukome milimita 5 kabla ya kila mwisho. Mfereji uliofika hadi ukingoni unamwaga grisi nje upande ulio rahisi, upande wa pili ukibaki mkavu.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni upande wenye mzigo. Bushi ikiwa ndani ya ekseli, uzito wa trekta unakuja juu ya pini, na pini inakandamiza sehemu ya chini ya bushi. Bushi ikiwa ndani ya mabano na pini ikashikwa na ekseli, inayokandamizwa ni sehemu ya juu. Usikate mfereji wala tundu mahali pale. Utakuwa umeondoa nyama pale inapohitajika, na grisi yenyewe haitaweza kusukuma pini iliyolala juu ya mlango wake.

Kabla ya kusukuma bushi, chora mstari kwa tindo kali kwenye ukingo wa bushi na mwingine kwenye nyumba, mbele ya tundu la grisi. Mistari ikikutana, matundu yamekutana. Bushi ikishaingia vibaya, haizungushiki.

Bushi ya zamani imekataa kutoka. Nifanyeje?

Ondoa jani la msumeno wa chuma kwenye fremu, lipitishe ndani ya bushi, ukate mstari mmoja kwa urefu hadi ukaribie nyumba. Simama ukiona ukuta umebaki mwembamba kama karatasi. Kisha gonga tindo jembamba ukingoni mwa mkato. Bushi itajikunja ndani na kulegea. Ukikata mkato wa pili karibu na wa kwanza, kipande kinadondoka chenyewe.

Kama bushi ni ya chuma, pitisha mstari mmoja wa kuchomelea ndani yake kwa urefu, usubiri ipoe. Chuma kilichochomelewa husinyaa, na mara nyingi bushi hutoka kwa kusukumwa kwa mkono. Kwa bronzi njia hii haifanyi kazi.

Sina presi. Naweza kuingiza bushi kwa nyundo?

Nyundo moja kwa moja juu ya bronzi, hapana, mdomo unatawanyika. Kuna njia mbili zisizo na gharama, nazo zinafanya kazi vizuri zikiunganishwa.

Ya kwanza ni joto. Weka bushi kwenye friza usiku kucha. Kutoka nyuzi 28 hadi 18 chini ya sifuri, bushi ya milimita 38 inasinyaa kwa 0.03 hivi. Pasha nyumba taratibu hadi nyuzi 120, tone la maji likianguka lichemke na kukauka mara moja. Nyumba inatanuka kwa 0.04. Jumla ni 0.07, na ubanaji wako ni 0.05. Una sekunde chache za bushi kuteleza yenyewe, basi kila kitu kiwe tayari na mistari iwe imeonekana. Nyumba ikiwa ya chuma cha kusubu, pasha pande zote sawasawa. Moto mkali mahali pamoja unaipasua.

Ya pili ni kuivuta. Chukua fimbo yenye nyuzi ya M16 au M20, washa nene mbili na nati mbili zilizopakwa grisi. Washa moja ikae juu ya bushi, nyingine ng'ambo ya nyumba juu ya kipande cha bomba chenye tundu kubwa kuliko bushi. Kaza polepole. Kila baada ya robo mzunguko tazama kama bushi imenyooka.

Nyumba imekuwa yai. Ekseli imekwisha?

Haijaisha. Tiba ya kweli ni kuichonga nyumba upya iwe mviringo, milimita moja au mbili zaidi, kisha kukereza bushi yenye kipenyo kikubwa cha nje. Kazi hiyo inataka mashine ya kuchonga matundu na kitovu kilichopimwa vizuri, la sivyo ekseli itakaa mshazari.

Upanukaji ukiwa mdogo, hadi milimita 0.2 kwenye kipenyo, gundi ya kushikiza bushi kama Loctite 638 inajaza. Nyuso zote mbili ziwe kavu na bila tone la mafuta. Safisha kwa petroli au asetoni, si dizeli. Iache usiku mzima kabla ya kazi.

Usichomelee bushi kwenye nyumba kwa madoa ya pembeni. Bronzi haishiki vizuri na fimbo za kawaida, na joto linaipinda nyumba.

Pini nitaikereza kutoka chuma gani? Nondo inafaa?

Nondo haifai. Ina mbavu, ubora wake unabadilika, na ukishakereza mbavu zile unabaki na kipenyo usichokitaka.

Chuma cha C45, ambacho kwa Kiingereza cha zamani kinaitwa EN8, kinatosha kwa pini inayotembea ndani ya bronzi ya SAE 660. Ukiweza kupata EN19 iliyokwisha kugandishwa na kulegezwa (kupashwa tena ili isivunjike kirahisi) kiwandani, chukua hiyo. Inakerezeka kama ilivyo na haihitaji moto tena, kwa hiyo haipindi.

Mtaani chanzo cha kawaida ni shafti za ekseli za malori. Ni chuma kizuri, lakini ngozi yake ya nje imegandishwa, na kisu kitapiga kelele na kukatika ncha. Ipashe kwenye mkaa hadi iwe nyekundu ya cheri na sumaku isiikamate, iache ipate moto kidogo zaidi ya hapo, kisha ifukie kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Ikipoa polepole hivyo inakuwa laini ya kukerezeka.

Kabla ya yote, ipime kama ina nyufa. Ilowanishe kwa mafuta ya taa nusu saa, ifute ikauke kabisa, kisha ipake chokaa iliyokorogwa na maji na uiache ikauke. Penye ufa mafuta yatachora mstari mweusi juu ya weupe wa chokaa. Tumia sehemu ya katikati ya shafti, mbali na meno, kwa maana nyufa huanzia kwenye meno.

Pini inahitaji kugandishwa?

Juu ya bronzi ya SAE 660, si lazima. Kugandisha nyumbani kuna hatari zake: pini hupinda, na tundu la grisi ni mahali ambapo ufa huanzia inapotumbukizwa majini. Pini iliyogandishwa bila kulegezwa ni kama glasi, hukatika kwa pigo moja la shimo. Lakini kule kwenye mchanga mwingi, uso mgumu unaongeza miaka. Ukitaka hivyo, mpelekee fundi mwenye tanuri na kipimo cha joto, na mwambie ailegeze kwa nyuzi 550 au zaidi.

Je, naweza kujaza pini ya zamani kwa kuchomelea kisha kuikereza?

Inawezekana, ingawa pini mpya mara nyingi ni rahisi kuliko hiyo. Tumia fimbo za kuchomelea za 7018 zilizokaushwa. Fimbo zenye unyevu huacha nyufa chini ya mshono, zisizoonekana. Pasha pini nyuzi 200 hadi 250 kwanza, chomelea mistari ya urefu ukibadilishana pande zinazotazamana ili isipinde, na ipoze kwenye majivu. Ukiruka kuipasha, chuma cha kaboni kama C45 kitakuwa kigumu na chenye kuvunjika kandokando ya mshono.

Pini inapaswa kuzunguka au kutulia?

Itulie. Iko bolti au pini ndogo inayoifunga isizunguke, na kwenye matrekta mengi makuukuu imeshapotea. Pini ikiwa huru, inazunguka mahali pasipo na bushi na kula mabano, ambayo ni ghali mara nyingi kuliko bushi. Rudisha kifungio hicho kabla ya kitu kingine. Kwenye kingo za ekseli weka washa za pembeni zinazoacha mchezo wa 0.2 hadi 0.5 wa mbele na nyuma.

Trekta litegemezwe vipi wakati pini iko nje?

Bila pini, sehemu ya mbele yote inabaki juu ya stendi zako. Tumia stendi mbili chini ya mwili wa trekta, zilizoachana kwa upana, si jeki moja ya katikati. Usitegemeze chini ya karteli (bakuli la oili chini ya injini). Tofali hupasuka bila onyo. Magogo ya mti mgumu yaliyopangwa msalaba yanaaminika. Ondoa uzito wa chuma wa mbele kama upo. Ekseli nayo itegemezwe kabla pini haijatoka, kwa sababu ikianguka inaangukia miguu.

Pini za mikono ya kuinulia jembe nazo naweza kukereza?

Ndiyo, na ni kazi nyepesi. Kwa daraja la kwanza la saizi za mikono hiyo, ambalo ndilo la MF 135, pini za mikono ya chini ni inchi 7/8 (milimita 22) na ya juu ni inchi 3/4 (milimita 19). Daraja la pili lina inchi 1 1/8 chini na inchi 1 juu. Tumia C45, na usitumie bolti yenye nyuzi ndani ya mpira wa chuma wa mkono: nyuzi zinausaga mpira huo kama tupa.

Bolti ya usalama ya mashine ya kukatia majani inakatika kila mara. Nitengeneze ngumu zaidi?

Usifanye hivyo. Bolti ile imewekwa ikatike kabla gia hazijavunjika. Tumia daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Inapokatika mara kwa mara, tafuta kinachoikata: visu butu, au tundu lililopanuka hadi bolti inakatwa kwa kugongwa.

Ni sehemu zipi nisithubutu kutengeneza?

Vichwa vya mikono ya usukani, sehemu za breki, bolti za magurudumu, viungo vya shafti inayozungushwa na trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika, na mabomba ya haidroliki ya presha. Hivi vikivunjika havitoi mlio wa kugonga kwanza. Nunua vipya, hata kama vinachukua wiki tatu kufika.

Nikishafunga, nifanye nini?

Ingiza grisi ya lithiamu namba 2 kwa bomba hadi itoke pande zote mbili za bushi. Ikitoka upande mmoja tu, inua mbele kwa jeki ili kuondoa uzito juu ya pini, kisha sukuma tena. Bembeza ekseli kwa mkono hadi mwisho kushoto na kulia. Iende bila kukwama na bila kugonga.

Fanya kazi nyepesi kwa muda wa saa mbili, simama, ushike nyumba kwa kiganja. Uvuguvugu si tatizo. Ikikuunguza, nafasi ni ndogo au grisi haifiki. Kaza bolti zote upya, kisha angalia mchezo tena baada ya saa 10 na saa 50 za kazi. Kuanzia hapo weka grisi kila baada ya saa 10 za kazi, na kila jioni wakati wa kulima majaruba ya mpunga, kabla tope halijakauka.